Gololi Tatu na Neno Moja

Haloo alikuwa amekata shauri tangu asubuhi, wakati anapiga pasi blauzi yake: ataingia karakana ya Fundi, atasema yake, atatoka. Hatakaa, hatakunywa chai, na zaidi ya yote hatamtazama Fundi machoni, maana alijijua. Macho ya mwanamume yule yalishamponza mara nyingi.

Jina la Haloo alipewa na wenzake kazini. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, mwaka wa sita huu, na hakuna mtu mjini aliyewahi kuugua au kuuguza asiijue sauti yake. Watu walimpigia wakifoka, wakilia, wengine wakimtukana kana kwamba yeye ndiye aliyewaletea homa, naye aliwajibu wote kwa upole uleule. Nyumbani nako jina likamganda. Siku hizi hata baba yake alishasahau kumwita lile la kwenye cheti.

Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa ubavuni pake, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake. Ndiye aliyemlea Haloo tangu mama yake alipofariki, na ndiye aliyeapa kwamba leo hamwachi aende peke yake.

"Unakumbuka utakavyosema?" Shangazi aliuliza walipofika kona ya duka la vioo.

"Nakumbuka."

"Hebu nisikie."

"Nitamwambia mfamasia na wazee wake wanakuja nyumbani saa kumi kuchukua jibu. Nitamwambia jibu ni ndiyo. Halafu nitamwambia asante kwa yote."

"Hiyo asante iondoe. Asante ya nini? Miaka miwili mtu anakuzungusha, neno la ndoa halijamtoka hata kwa bahati mbaya! Asante!"

Haloo hakubishana. Mimi nitakwambia alichokuwa anaficha, kwa sababu Shangazi hakukijua. Ile ndiyo ya kumwambia mfamasia ilikuwa mdomoni tu, moyoni haijafika. Alikuwa anakwenda kumpa Fundi nafasi ya mwisho. Akisema neno moja tu, usiende, basi saa kumi wageni watapewa jibu jingine, na liwalo na liwe. Asiposema, Haloo ataolewa na mfamasia, mtu mpole, nadhifu, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba hakuwa Fundi.

Saa yake ilisema saa tisa kasoro dakika tano.

Karakana ilikuwa nyuma ya lile duka la vioo, vyumba viwili vilivyoungana. Cha mbele kilijaa mashine za michezo zilizofumuliwa matumbo, nyaya zikining'inia. Cha nyuma kilikuwa na mlango ambao Haloo hakuwahi kuuvuka. Mwaka mzima Fundi alimkataza kuingia humo, bila kumpa sababu ya maana, na hilo nalo lilikuwa limemkaa rohoni.

Leo mlango ulikuwa wazi. Fundi alisimama kizingitini na ovaroli yake ya bluu, nywele zina vumbi, akitabasamu kwa namna ile ile aliyokuwa akiiogopa Haloo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Hatukai."

"Fundi, nina neno," alisema Haloo, akitazama kifungo cha ovaroli.

"Nami ninalo. Nakuomba langu litangulie, halafu utasema lako lote. Imekamilika, Haloo. Mwenye ukumbi wa michezo anaifuata kesho asubuhi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akamshika kiwiko, taratibu, akamwingiza chumba cha nyuma, akavuta shuka.

Ilikuwa mashine ya gololi. Meza ndefu yenye miguu minne, imeinamia upande wa mchezaji, imefunikwa kwa kioo juu. Chini ya kioo kulikuwa na mji mzima wa taa, vinjia na vizuizi. Nyuma ulisimama ubao wenye picha ya watu wanne waliovaa makoti ya ngozi, nywele timutimu, kila mmoja kakunja sura kama aliyenyang'anywa chakula.

"Yesu na Maria, Misumari!" Shangazi alimaka.

Haloo aligeuka. Misumari ilikuwa bendi ya roki ya zamani, makelele matupu, magitaa yanayokwaruza. Hakuwahi kufikiri Shangazi aliwajua.

"Nilikuwa nawasikia tu kwa majirani," Shangazi alisema upesi, akakaza uso. "Saa inakwenda."

"Mtu hucheza mchezo kwa mara ya kwanza mara moja tu," Fundi alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya alionekana kuyapanga. "Ndiyo maana nilikukataza humu. Nilitaka mchezaji wa kwanza awe wewe. Cheza gololi tatu. Mimi nitaandika ninachokiona. Lakini nikianza kuandika, sisemi neno wala sionyeshi kwa kidole, mpaka gololi ya tatu izame. Mtengenezaji akifungua mdomo ameharibu, hataona tena yale macho ya mara ya kwanza. Aliyenifundisha kazi alikuwa anajibandika plasta mdomoni."

"Kwa hiyo mwaka mzima ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hii."

Moyo wa Haloo ulifanya ulichokatazwa, ukalainika. Alikuwa amewaza mengi kuhusu chumba hiki, na mengine yalikuwa na sura ya mwanamke.

"Gololi tatu," alisema. "Halafu utanisikiliza."

Fundi akachomoa kijidaftari mfukoni na penseli sikioni, akasogea hadi pembeni ya mashine ambapo angeona mikono yake na uso wake. Akafunga mdomo.

Hakuna aliyemwambia pa kuanzia. Kulikuwa na kishikio cha chuma upande wa kulia, kwa hiyo alikivuta. Springi ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Alipoachia, gololi ilipanda kwa kasi, ikazunguka juu, ikaangukia katikati ya ngoma tatu za duara, na hapo ndipo roho ilipomruka. Ngoma ziliitandika gololi huku na huko, kila pigo likilia kama radi chumbani, taa nyekundu zikiwaka na kuzima, na umati usioonekana ukapiga mayowe ndani ya mbao. Haloo alipiga kelele pia. Gololi ikachomoka, ikashuka moja kwa moja katikati ya vibao viwili vya chini, ikazama. Umati ukasema aaah, kwa masikitiko.

"Imekwenda wapi? Ndiyo imekwisha? Sijafanya kitu!"

Akacheka, hakujua kicheko kimetoka wapi, akamgeukia Fundi wacheke wote. Fundi alikuwa ameinamia daftari, anaandika.

"Saa tisa na dakika kumi na mbili," alisema Shangazi, aliyekuwa ameketi juu ya kreti na mkoba mapajani.

Gololi ya pili ilitokea yenyewe mbele ya springi. Safari hii Haloo alipapasa ubavuni mwa mashine, akakuta vitufe viwili, kimoja kila upande. Akabonyeza. Vile vibao vya chini vikaruka. Aha! Kumbe ndivyo. Akavuta kishikio, akasubiri, na gololi iliposhuka kutoka kwenye ngoma akaipiga kwa kibao cha kushoto. Ikapanda njia nyembamba iliyotandazwa nyaya sita, na kila waya ulipoguswa ulitoa sauti ya gitaa. Mkwaruzo mtamu, uliopanda mpaka kwenye meno. Juu kabisa taa ya mpiga gitaa ikawaka.

"Nimempata!" alisema. Kisha akakumbuka amekuja kufanya nini.

Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yalikuwa na pa kutazama, maneno yakaanza kutoka bila kusukumwa.

"Fundi, mfamasia wa pale hospitali amenichumbia. Wazee wake walikuja Jumapili. Baba hakuwakatalia." Akaipiga gololi, ikagonga mlango wa gitaa la besi, sakafu ikatetemeka chini ya viatu vyake. "Wanarudi leo, saa kumi. Wanataka jibu."

Penseli ilisimama. Haloo aliiona kwa pembe ya jicho. Kisha ikaendelea.

"Mimi kazi yangu ni kuwajibu watu. Kutwa nzima. Mtu akinyamaza kwenye simu, najua ama amekata au amezirai." Gololi ikaja kulia, akaipiga. "Wewe najua hujazirai. Miaka miwili, Fundi. Unanisindikiza hadi getini, unanitengenezea redio, unamtengenezea baba feni, na ukifika kwenye lile neno unameza mate. Nikiuliza, unaniambia nivumilie. Nivumilie nini? Hujaniambia hata ninachokingoja."

"Mwambie, mwanangu," alisema Shangazi, lakini si kwa nguvu aliyokuja nayo.

Katikati ya meza, kikanyanyuka kipaza sauti kidogo cha chuma, na gololi ilipopita karibu kikainasa, tap, kwa sumaku. Taa zote zikafifia, ikabaki moja tu, ikimmulika mwimbaji. Umati ukatulia. Ilikuwa kana kwamba ukumbi mzima unamngoja mtu aanze kuimba. Haloo akasimama na vidole juu ya vitufe, katika kimya kile, machozi yakamlengalenga, na moja likaanguka juu ya kioo.

Akamtazama Fundi. Alikuwa anaandika.

Sumaku ikaachia. Gitaa likalipuka, gololi ikaporomoka mbele ya macho yaliyojaa maji, ikazama bila hata kuguswa.

"Unaandika," Haloo alisema. "Nalia, na wewe unaandika."

Fundi alinyanyua uso. Ulikuwa umepauka. Akaibana midomo.

"Bado moja," alisema Haloo. "Hewala."

Aliivuta ile springi kwa hasira. Gololi ya tatu haikuwa na bahati wala mkosi, ilipita ngoma, ikagusa waya mmoja wa gitaa, ikarudi ikiviringika polepole kwenye kibao cha kulia alichokuwa amekibonyeza bila kukusudia. Na kwa kuwa kibao kilikuwa kimeinuliwa, gololi ikatulia pale kwenye pembe yake, ikalala. Haloo alistaajabu. Kumbe mtu anaweza kuizuia. Maadamu hajanyanyua kidole, haiendi popote.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo wewe na mimi tungelifanya vilevile. Aliona amesimamisha mchezo ili kumpa mwanamume nafasi.

"Sasa," alisema. "Hakuna kinachotembea. Hakuna kelele. Nakuuliza swali moja tu. Nikitoka hapa naenda kumwambia baba ndiyo. Niende?"

Penseli ikakwaruza daftari upesi.

"Fundi, niende au nisiende?"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Macho yake hayakuwa usoni pa Haloo, yalikuwa kwenye kidole cha Haloo, kile kilichobonyeza kitufe, na yalikitazama kwa uchungu, kwa kusihi, jasho likimtoka kipajini. Haloo akaona mtu anayehofia mashine yake kuliko yeye.

"Hata sasa unaangalia gololi?"

Shangazi alisimama. "We kijana, umekuwa bubu? Mtoto anakuuliza!"

"Mwache, Shangazi. Amenijibu."

Haloo akaishika mashine kwa mikono yote miwili, akaitikisa kama mtu anayemwamsha mlevi. Mara moja, mara mbili. Ya tatu hakuifikisha. Taa zote zikazimika kwa pamoja. Vibao vikaanguka vikiwa vimekufa ganzi, umati ukakatwa mayowe katikati, na gololi ikateremka peke yake gizani, ikazama.

"Umeivunja!" Shangazi alisema.

"Haijavunjika," alisema Fundi. Sauti ilimtoka imekwaruza. "Ukiitikisa sana inasusa. Imezama. Haloo, imezama, sasa naweza..."

Lakini Haloo alishampokonya daftari. Alitaka kuona kilichokuwa muhimu kuliko machozi yake. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa mtu aliyezoea kuandika pembeni ya michoro.

*Ya kwanza. Kaogopa ngoma, kisha kacheka. Punguza sauti kidogo.*

*Ya pili. Kajua vitufe mwenyewe. Kapata njia ya gitaa pigo la kwanza. Anaongea na anacheza.*

*Analia. Sababu ni mimi. Mashine haina kosa.*

*Ya tatu. Kaishikilia. Aiachie. Aiachie. Aiachie nimjibu.*

Haloo aliusoma mstari wa mwisho mara mbili. Hasira haikumtoka.

"Nami nilikuwa naishikilia ili ujibu," alisema polepole. "Mimi nasubiri wewe, wewe unasubiri kidole changu. Fundi, ni mchezo! Ungeuharibu! Ungevunja hiyo sheria yako hata mara moja katika maisha yako!"

"Najua."

"Basi jibu sasa."

Na Fundi, badala ya kumtazama yeye, akamtazama Shangazi.

"Shangazi, naomba uniachilie."

"Nikuachilie nini?" Shangazi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Unajua."

"Mimi sijui lolote. Haloo, twende."

"Ulikuja hapa miezi minane iliyopita," alisema Fundi. "Ulikaa kwenye kreti hiyo hiyo. Nilikwambia nataka kuja kwa baba yake. Ukaniambia nisimtamkie binti yenu neno la ndoa mpaka mashine ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu iwe imepata mnunuzi. Ukaniapisha. Nikaapa. Mnunuzi anakuja kesho, Shangazi. Kesho asubuhi. Sikujua habari ya leo."

Haloo alimgeukia mwanamke aliyemsuka nywele tangu utotoni.

"Kweli?"

Shangazi alirudi akaketi. Ghafla alionekana mtu mzima kuliko alivyoingia.

"Mume wangu alikuwa na maneno, mwanangu," alisema. "We, asikwambie mtu! Asubuhi maneno, jioni maneno. Niliolewa na maneno. Hakuna kazi aliyoianza akaimaliza, mpaka anafariki. Nikasema wewe hutaolewa hivyo. Huyu afanye kwanza, aseme baadaye. Nilikosea wapi?"

"Njia nzima leo unamsema kwamba hasemi!"

"Miezi minane! Nilidhani ameshindwa. Mfamasia alipokuja nikaona Mungu ametujibu. Nilikuwa nifanyeje, niende kwa baba yako niseme kuna mtu nimemfunga mdomo?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Shangazi akatazama sakafu.

"Na wewe," Haloo alimgeukia Fundi. "Ungeniacha niseme ndiyo leo ili utimize kiapo kesho?"

"Sikujua mpaka gololi ya pili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikuwa najua." Akameza mate, na safari hii hakuishia hapo. "Nilikuwa najua na nikanyamaza, na mpaka nife nitakuwa nayajutia hayo. Shangazi, unisamehe, naivunja ahadi. Haloo, usiende. Nakupenda. Nataka nikuoe. Nilitaka tangu siku ile uliponikatia simu kwa bahati mbaya, mama yangu yuko wodini, halafu ukanipigia mwenyewe kuomba radhi na kukaa nami kwenye laini mpaka daktari alipotoka. Mimi si mtu wa maneno. Lakini hayo ninayo, na yote ni yako."

Miaka miwili Haloo alikuwa ameyangoja. Alikuwa ameyafikiria akiwa kazini, akiwa kitandani, akiwa anamenya vitunguu. Katika ndoto zote hizo yalipokuja alikuwa akimkimbilia Fundi mikononi. Sasa yalikuwa yamekuja, matamu kuliko alivyoyaota, na mikono ile ilikuwa hatua mbili tu mbele yake, ina mafuta. Alitamani kwenda.

Hakwenda.

"Kwa hiyo mlikaa nyinyi wawili," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya hospitali, ya upole, lakini Shangazi alijikunyata aliposikia, "mkapatana mimi nisubiri. Mkapanga na muda. Kila mtu akajua ninachosubiri isipokuwa mimi. Mmoja ananipenda na mmoja amenilea, na hakuna hata mmoja aliyeona vyema aniulize."

Shangazi akaushusha mkoba sakafuni.

Haloo akatazama saa. Saa kumi kasoro ishirini. Wageni walikuwa wanajiandaa tayari, labda wanafunga vifungo vya makoti, labda mfamasia anajitazama kwenye kioo. Yeye pia alistahili kuambiwa ukweli usoni.

"Tunakwenda nyumbani," alisema. "Wote watatu. Fundi, hayo uliyoyasema hapa utayasema mbele ya baba, na mfamasia akiwepo, neno kwa neno. Shangazi, na wewe utasema ulichomwapisha. Usipunguze."

"Mbele ya wageni? Mwanangu, aibu hiyo..."

"Nitaibeba na wewe. Chukua mkoba."

Shangazi akauchukua. Fundi alikuwa tayari anavua ovaroli, vidole vikigombana na vifungo, akitafuta shati safi kwenye misumari ya ukutani. Alilipata, akalivaa ndani nje, akalivua, akalivaa tena. Kisha akamfuata Haloo hadi mlangoni.

"Na wewe?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi nikishasema, na Shangazi akishasema. Wewe utasema nini?"

Haloo alikuwa ameshafungua mlango. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama machoni, sawasawa, bila kuogopa.

"Utasikia huko huko," alisema, "pamoja na wengine."